Bi Mkubwa wa Kentucky

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Marekani, cha kwanza atakachokuuliza ni New York au Washington. Ukimjibu Kentucky, atakutazama kidogo halafu atasema, "Aaa, kule kwa kuku?" Basi tuliweke sawa mapema, msomaji wangu. Kuku wapo, tena watamu, lakini Kentucky ni nchi ya farasi. Mji wa Lexington ndio makao makuu yake. Wenyewe wanajiita mji mkuu wa farasi duniani, na wakisema hivyo hawacheki.

Nilikwenda Oktoba 2024, wiki mbili, kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Dada ameolewa na Mkongomani wa Uvira. Walionana Kigoma, enzi hizo shemeji akiishi kambi ya Nyarugusu na dada akifundisha shule ya msingi pale Kasulu. Mapenzi yao yalitusumbua sana kwenye familia, lakini hayo ni ya siku nyingine. Siku hizi wana watoto wawili, nyumba ya kupanga yenye kibaraza, na shemeji ana kazi kwenye shamba la farasi. Nilijua naenda kula, kulala na kupiga picha. Kumbe dada ana mke mwenza! Tulia, nitafika huko.

Nyasi, uzio na pesa

Kama unaingia na ndege ndogo kutoka Chicago, omba kiti cha dirishani. Mwishoni kabisa, ndege ikishuka, utaona mashamba ya kijani yamegawanywa kwa uzio wa mbao, mistari na mistari, kama mtu amechora kwa rula. Uzio mwingi ni mweusi. Ule mweupe karibu na uwanja wa ndege ni wa Calumet, shamba la miaka mingi lenye historia ndefu ya mbio. Ng'ambo ya barabara kuna Keeneland, uwanja wa mbio na mnada wa farasi. Mwaka 1985 hapo Keeneland farasi wa umri wa mwaka mmoja tu, ambaye hajawahi kukimbia hata mbio moja, aliuzwa dola milioni 13.1. Soma tena hiyo tarakimu, kisha tuendelee.

Watu wa pale watakwambia siri iko chini ya ardhi. Mwamba wao ni wa chokaa, maji na nyasi vina madini ya kujenga mifupa, ndiyo maana farasi wao wana miguu imara. Maji hayohayo ndiyo wanayatengenezea wiski yao ya bourbon, kwa hiyo mwamba huo unawalisha mara mbili. Mabanda ya farasi yana paa zenye vinara, milango iliyopakwa rangi juzi, na maua mbele. Nimeona nyumba za wageni hapa kwetu ambazo zingeona aibu kusimama kando ya banda lile.

Na Kiswahili? Usipime. Lexington ina Wakongomani wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili utakisikia dukani, kanisani, kituo cha basi. Kwenye duka moja la Waafrika nilikuta dagaa wa ziwani (wao wanawaita ndagala), unga wa muhogo na sombe iliyogandishwa. Mama muuzaji aliponisikia nikiongea alicheka: "Wewe ni Mutanzania, unasema Kiswahili ya kitabu." Nikamwambia hiki cha kwangu ni cha Temeke, hakijawahi kuona kitabu.

Mke mwenza

Jioni ya kwanza tulikula ugali na sombe, shemeji akaangalia saa, akanyanyuka, akachukua koti. Saa tatu usiku! Nikamtazama dada. Dada akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Anakwenda kwa bi mkubwa. Mimi hapa ni bi mdogo, hujaambiwa?"

Nilidhani ni utani wa wanandoa. Asubuhi shemeji akanichukua kwenye gari lake hadi shambani, nusu saa hivi, kwa barabara ya kwenda Paris. Usishtuke, ni Paris ya Kentucky. Njiani kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji na miti inayogeuka rangi ya ndimu mbivu, sehemu nzuri sana ya kupiga picha. Tukaingia banda la mwisho kabisa, la peke yake. Ndani alikuwepo farasi jike wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ana miaka kumi na tano na macho ya mtu aliyeona mengi. Ana jina refu la kwenye vitabu vya mbio, lakini nyumbani kwa dada anaitwa Bi Mkubwa, na jina hilo limehamia mpaka shambani. Hata Wameksiko wanaofanya kazi na shemeji wanamwita hivyo, kwa lafudhi yao.

Bi Mkubwa alizaa Aprili. Mtoto alitoka vizuri, ila kondo la nyuma halikutoka. Kwa binadamu tunajua hatari yake. Kwa farasi saa tatu zikipita bila kondo kutoka, ni dharura. Uchafu unabaki tumboni, sumu inaingia kwenye damu, na ajabu ya Mungu, sumu ile inakwenda kupiga miguuni. Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaitwa laminaitisi.

Ngoja nikueleze kama nilivyoelezwa na shemeji, maana yeye ndiye aliyenifanya nielewe. Chukua kucha yako. Ile nyama iliyoshikana na kucha kwa chini, ukiigusa ikiwa imejeruhiwa unaruka. Sasa farasi anasimama juu ya kucha. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na mfupa ule umening'inizwa kwenye ukuta wa ukwato kwa vijitabaka laini mamia kwa mamia vilivyofumana kama zipu. Vijitabaka vikivimba na kuachia, mfupa unakosa wa kuushika. Mzigo wa mwili, nusu tani, unausukuma chini. Mfupa unaweza kuinama, na ikiwa mbaya kabisa unatoboa unyayo. Farasi mwenye maumivu haya utamjua kwa kusimama: anasukuma miguu ya mbele mbele, anarudisha uzito nyuma, kama mwanamke aliyevaa viatu virefu vya kuazima na harusi haijaisha.

"Farasi hapana mashini," shemeji aliniambia. "Hawezi kukaa kitandani mwezi moja akanyoosha mguu. Lazima asimame. Na kusimama njo kunamuumiza." Ndio ugumu wake huo. Mguu unahitaji kupumzika, na mwenye mguu hawezi kuishi bila kuukanyaga.

Ndoo ya barafu, mchanga na maji ya chai

Nilitegemea kukuta mitambo. Mji wenye farasi wa mamilioni ya dola, hospitali za farasi zenye madaktari wa kwato tu, moja kati ya hizo, Hagyard, ipo tangu 1876. Nikajua nitakuta farasi amelazwa kwenye mashine yenye taa za buluu. Nilichokuta ni ndoo, mchanga, nyasi zilizolowekwa na mtu mwenye subira.

Kwanza ilikuwa barafu. Usiku ule kondo lilipogoma kutoka, daktari wa mifugo hakusubiri dalili za miguu. Aliagiza miguu ya mbele iingizwe kwenye barafu na maji, mpaka karibu na goti, na isitoke. Usiku na mchana, siku mbili hadi tatu mfululizo, kila barafu ikiyeyuka unaongeza. Baridi inapunguza mvurugo ndani ya ukwato wakati ule sumu inapita. Mimi na wewe tukiweka mguu kwenye barafu dakika tano tunalia. Farasi anavumilia bila shida. Hii ni tiba ambayo watafiti, hasa wa Australia, wameifanyia kazi miaka mingi, na katika vyote nilivyoviona ndiyo iliyonishangaza zaidi kwa urahisi wake. Ila ina wakati wake. Ukichelewa, ukija na barafu wiki ya pili, umechelewa kweli.

Shemeji alikaa naye usiku tatu. Kwenye kiti cha plastiki, na tochi, na magunia ya barafu ya dukani. Usiku wa pili ulikuwa ni siku ya kuzaliwa ya binti yao mkubwa. Keki ilikatwa bila baba. Hapo ndipo jina la Bi Mkubwa lilipozaliwa, na dada halikumtoka kwa kicheko.

Pamoja na barafu, mfupa uliinama kidogo. Si sana, ila picha za eksirei zilionyesha. Kukaanza maisha mapya. Banda likajazwa maranda ya mbao, mengi, mpaka kwenye kifundo cha mguu, na upande mmoja mchanga. Mchanga unaingia chini ya unyayo na kuubeba wote kwa pamoja, ili ukuta wa ukwato usibebe peke yake. Maranda mengi yanamshawishi alale, na kila dakika anayolala ni dakika ambayo kwato zinapumua. Asubuhi shemeji akifika kitu cha kwanza anatazama maranda kwenye manyoya ya ubavu wake. "Njo pale ninajua leo amelala muzuri."

Halafu anainama, anaweka vidole viwili nyuma ya mguu, juu kidogo ya ukwato, anafumba macho. Anasikiliza mapigo. Mguu mzima mapigo yake hayasikiki kirahisi. Ukiwaka moto yanagonga vidole kama mtu anabisha hodi. Anagusa ukwato kwa kiganja kuona joto. Anaandika kwenye daftari: saa, mguu, mapigo, amekula nini. Daftari lile ni la shule, la mistari, na limejaa Kiswahili, kwa hiyo daktari akija shemeji anamsomea kwa Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini asiandike Kiingereza moja kwa moja. Akasema usiku wa manane mtu anaona kwa lugha yake.

Nyasi nazo zina habari. Vipimo vilionyesha insulini ya Bi Mkubwa iko juu, na uzito wake ulikuwa umezidi. Kwa farasi wa aina hiyo sukari iliyomo kwenye nyasi ni adui wa kwato. Kwa hiyo nyasi za majani mabichi, zilezile zilizoufanya mji huu uwe maarufu, kwake ni marufuku. Anakula nyasi kavu, tena zilizolowekwa kwenye maji baridi nusu saa hadi saa nzima ili sukari itoke. Maji yale yanatoka na rangi ya chai ya rangi, unayamwaga mbali. Nililoweka mwenyewe asubuhi tatu, Oktoba yenye baridi ya kuuma vidole, nikawaza mama mdogo wetu, mama yake dada, ambaye ana kisukari na kila jioni anakaguliwa nyayo kama mtoto. Ugonjwa si uleule, insulini ya mama na ya farasi zina kesi tofauti. Lakini yule anayeinama kutazama mguu wa mwenzake kila siku, anainama vilevile.

Fundi wa kwato anakuja kila baada ya wiki nne au tano. Huyu si mpiga nyundo wa kawaida. Anafanya kazi na picha ya eksirei mbele yake, anapunguza ncha ya mbele ili mguu unyanyuke kwa urahisi, anainua kisigino ili kupunguza mvuto wa mshipa unaouvuta mfupa kwa nyuma, anajaza unyayo kwa kitu laini kama udongo wa kuchezea watoto ambacho baadaye kinakaza. Viatu havikupigiliwa misumari. Viligundishwa kwa gundi, maana kila pigo la nyundo kwenye ukwato ule ni mateso.

Dawa ya maumivu ipo pia, bila shaka, na hakuna anayeikwepa. Lakini ile wanayoitumia sana, wanaiita "byuti", ikitumika muda mrefu inaumiza tumbo na figo. Daktari amekuwa akiipunguza kidogo kidogo tangu Juni. Hivyo hivi vingine vyote ninavyokusimulia ndivyo vinavyoifanya dawa iweze kupungua.

Vya kusaidia, na vya kuuziana

Kentucky kuna kila aina ya tiba ya pembeni kwa farasi, kama vile saluni za Sinza zilivyo na kila aina ya krimu. Mwanamke mmoja anakuja kila Alhamisi kumkanda Bi Mkubwa mabega na mgongo. Nilikuwa na dharau kidogo, mpaka nikaweka mkono. Misuli ya bega ilikuwa migumu kama kamba ya nanga! Farasi anayeegemea nyuma miezi sita anaumia mgongo, shingo, nyonga. Masaji haigusi ukwato, lakini inamsaidia mwenye ukwato. Alipokandwa alilegeza mdomo wa chini, akafumba jicho moja, nikamwonea wivu.

Sindano za Kichina nazo zilijaribiwa. Daktari aliyezichoma alisema wazi kwamba wapo wanaopata nafuu ya maumivu, ila ushahidi ni mdogo. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Mataa ya leza sikuyapinga wala sikuyasifu. Ila bangili za sumaku za kuvalishwa miguuni, zinazouzwa kwa maneno matamu, hizo kwa maoni yangu ni za kumponya muuzaji. Kitu kilichonisisimua ni kwamba baadhi ya madaktari wa farasi wanatumia ruba kunyonya damu iliyotuama karibu na ukwato, na mabuu ya nzi, yaliyofugwa kisafi maabara, kula nyama iliyooza ndani ya ukwato. Bibi yangu angesikia kwamba ruba wanalipiwa kwa dola, angecheka mpaka kesho.

Na kuna mbuzi. Ndiyo, mbuzi, jike mdogo mweupe mwenye ndevu. Farasi ni mnyama wa kundi, na kufungiwa peke yake miezi kunamvunja moyo, hali ya kula inapungua, anazunguka banda huku miguu inauma. Kumwekea mbuzi wa kumliwaza ni desturi ya zamani kwenye mabanda ya farasi wa mbio. Mbuzi yule analala ubavuni kwa Bi Mkubwa na kumwibia nyasi. Hakuna aliyemfanyia utafiti, na kati ya wasaidizi wote yeye ndiye ningemlipa kwanza.

Kwa msomaji mwenye punda nyumbani au anayefahamiana na mwenye punda: punda naye hupata ugonjwa huu, tena yeye ni hodari wa kuficha maumivu. Ukimwona anasita kutembea, anatembea kama juu ya misumari, au hataki kugeuka, usimchape. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Wakubwa waliolala

Jumapili dada akasema tuondoke na habari za kwato, twende tukatembee. Tukaenda Claiborne, shamba lililoko Paris hiyohiyo, unaweka nafasi mapema unazungushwa. Kuna makaburi ya farasi nyuma ya ofisi, na lenye wageni zaidi ni la Secretariat. Huyu mwaka 1973 alishinda mbio za Belmont kwa kumwacha wa pili urefu wa farasi 31, dakika mbili na sekunde 24 kamili, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Farasi wakubwa kwa desturi huzikwa kichwa, moyo na kwato. Yeye alizikwa mzima.

Nikauliza alikufa na nini. Mwongozaji akasema: laminaitisi, Oktoba 4, 1989, alipokuwa na miaka kumi na tisa. Walimpumzisha kwa sindano. Dada akanitazama. Tulikimbia habari za kwato, zikatukuta kaburini.

Shemeji ndiye aliyemalizia, njiani kurudi, habari ya Barbaro. Alishinda Kentucky Derby Mei 2006, wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma kwenye mbio za Preakness. Hospitali ya chuo kikuu cha Pennsylvania walimtengeneza mguu kwa bamba la chuma na skrubu 27, watu wakamtumia karoti, matofaa na kadi za pole kutoka kila kona. Mguu uliovunjika ulikuwa unapona. Mguu mwingine wa nyuma, ule mzima, uliobeba uzito wa mwenzake, ndio ulioshikwa na laminaitisi. Januari 29, 2007 wakamwacha aende. Shemeji alisimulia akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na mwisho akasema, "Wale walikuwa na pesa yote, shemeji. Na munganga mukubwa." Ndani ya gari hakuna aliyeongeza neno.

Usiku ule dada aliongea. Tulikuwa jikoni tunaosha vyombo, wanaume wamelala. Alisema hakuwahi kumwonea wivu farasi, mtu gani anamwonea wivu farasi? Alichokuwa anaogopa ni kwamba bosi, mama mmoja wa makamo, alikuwa amesema tangu mwanzo: nitamhudumia muda wote ambao hateseki, siku maumivu yakishinda dawa, tunamwacha. Ni haki. Dada mwenyewe anakiri ni haki. "Lakini mume wangu alishazika watu wengi, dada'angu. Kule kwao, na kambini. Sikutaka nimwone anamzoea mwingine wa kuzika." Ndiyo maana kwa miezi sita hakuwahi kukanyaga banda lile. Alikuwa anapika, anamfungia chakula, anamchokoza kwa jina la Bi Mkubwa, basi. Na mume naye hakuwahi kumwomba aje.

Sikutoa ushauri. Kwenye kurasa hizi tunawashauri sana wanandoa, ila ukiwa mgeni kwenye jiko la mtu unakausha vyombo.

Picha

Eksirei ilipangwa Jumatano ya wiki yangu ya mwisho. Asubuhi dada akatoka chumbani amevaa buti za mvua za mwanawe mkubwa, zinambana, amebeba hotpoti ya chapati. Shemeji akazitazama buti, akafungua mlango wa gari, hakusema kitu. Mimi nikahamia kiti cha nyuma.

Daktari alikuja na mashine ndogo ya kushika mkononi. Bi Mkubwa alipandishwa miguu juu ya vigogo viwili vya mbao ili mwanga upite chini kabisa, na alisimama kwa adabu kuliko mimi nikipiga picha ya pasipoti. Mbuzi alifungwa nje, akalalamika muda wote. Picha zikatokea kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Upande mmoja ya Aprili, upande mwingine ya siku ile.

Hata mimi niliona. Ukwato wa farasi unakua kuanzia juu, karibu na manyoya, kama sentimita moja kwa mwezi. Ncha ya mbele inachukua miezi tisa mpaka mwaka kujibadilisha yote. Sehemu ya juu, iliyokua tangu ugonjwa uanze, ilikuwa imenyooka sambamba na mfupa. Ya chini, ya zamani, bado ilikuwa imepinda kwa mbele. Mahali zinapokutana kuna mstari, kama alama ya kopo kwenye ukuta inayoonyesha mafuriko yalifika wapi. Mfupa haukusogea tangu Juni. Unyayo uliokuwa mwembamba kama ganda la yai umeongezeka unene.

Daktari alisema polepole, shemeji akawa anatafsiri kwa dada, mstari kwa mstari. Mguu wa kushoto uko nyuma ya wa kulia. Hatazaa tena, bosi ameamua. Majani mabichi hatayaonja bila kufungwa kifuniko cha mdomo, pengine maisha yote. Kisigino cha kiatu kitashushwa kidogo, si chote. Kisha akasema anaweza kutoka nje. Kwenye kiwanja kidogo cha mchanga, kisicho na nyasi, aongozwe kwa kamba, mstari ulionyooka, kona kubwa, maana kugeuka ghafla ndiko kunakouma. Dakika kumi. Akisita hata mara moja, arudi ndani.

Shemeji akafunga kamba. Bi Mkubwa alisimama mlangoni akanusa hewa, masikio mbele, mbuzi ameshampita zamani. Akaweka mguu wa kulia kwenye mchanga, halafu wa kushoto, taratibu, kama anayeshuka daladala na mayai. Shemeji alikuwa ubavuni kwake, macho chini kwenye kwato, midomo inahesabu hatua. Hakuwa na nafasi ya kutazama saa.

"Ya tatu hiyo," dada akasema kutoka kwenye uzio, simu mkononi, buti zinambana. "Kata kona kwa upana, baba, daktari amesema kwa upana. Ya tatu na nusu."